Salamu Zilizojaza Mashine

Mwanaima alipotoka shule hakupitia sokoni kama wenzake. Alikata vichochoro mpaka nyumbani Ngamiani, akavua sare na kuitundika msumarini, akala muhogo aliofunikiwa kwa kawa, akanawa mikono, kisha akaenda ofisini kwa shangazi yake. Alikuwa darasa la sita. Wazazi wake walikuwa Kigombe, na kwa shangazi aliletwa asome.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mlango ukitazama barabarani ambako baiskeli zilipita kutwa nzima. Shangazi Saleha alikuwa mpiga chapa kiwandani miaka mingi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walichukua viinua mgongo vyao wakanunua mabati, wengine mashine za kusaga. Yeye akanunua kompyuta. Watu walimcheka, wakasema Saleha kanunua televisheni isiyoonyesha mpira. Lakini kupiga simu ng'ambo kulikuwa ghali mno, na barua ya posta ilikawia mpaka habari iliyomo ikachacha. Polepole watu wakaanza kuja, waliojua kusoma na wasiojua, kutuma na kupokea barua pepe.

Kando ya kompyuta ndogo ya kuandikia, mashine kubwa iliwekwa pembeni, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Mle ndani kila mteja alikuwa na sanduku lake la barua. Asubuhi na alasiri shangazi aliiunganisha na laini ya simu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na barua za ng'ambo zikaingia kila moja katika sanduku la mwenyewe. Kazi ya Mwanaima ilikuwa kuzichapisha, kuwasomea wasiojua kusoma, na kuwaandikia majibu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wateja walimpenda kwa sababu aliwasomea bila haraka, na palipo na jambo la aibu alishusha sauti.

Sheria ya shangazi ilikuwa moja. Mwanaima aandike barua, achapishe barua, basi. Mipangilio ya mashine ni kazi ya fundi Methusela, kijana aliyeijenga ofisi ile tangu mwanzo. Atakayeigusa, shangazi alisema, atarudi Kigombe na basi la asubuhi, na shule itakuwa ya huko huko. Shangazi hakuwa mtu wa kutisha bure.

Kila alasiri, kwenye benchi la mlangoni, alikaa Mama Benedikta. Mumewe, Ernesti, alikuwa mkata mkonge katika shamba moja lililokufa, na sasa alibeba mizigo bandarini siku alizopata. Mtoto wao wa mwisho, Mathew, alikuwa na tundu kwenye moyo. Alikuwa na miaka minne, lakini ukimwona ungesema miwili. Akicheza kidogo midomo yake ilibadilika ikawa rangi ya zambarau, akachuchumaa mwenyewe akingoja pumzi irudi. Daktari alikuwa amewaandikia madaktari wa hospitali moja ya ng'ambo waliokuwa wakiwapasua watoto kama hao bila malipo. Walijibu kwamba Mathew amo katika hesabu, na kwamba nafasi ikipatikana watamwandikia mama yake kupitia ofisi ya Saleha. Akiipata barua hiyo ajibu upesi. Asipojibu, nafasi itapewa mtoto anayefuata.

Yudith, dada yake Mathew, alisoma darasa moja na Mwanaima, nao walikaa dawati moja. Siku nyingine Yudith ndiye aliyekuja kuuliza badala ya mama yake. Hakuuliza kwa maneno. Alichungulia tu mlangoni, Mwanaima akatikisa kichwa, naye akaondoka.

Miongoni mwa wateja walikuwamo wakwe wawili. Mzee Ahmada alikuwa na minazi yake Pangani, na Bi Mwatumu aliuza samaki wa kukaanga Kigombe. Mtoto wa kiume wa Mzee Ahmada alikuwa amemwoa binti wa Bi Mwatumu, na wote wawili walikuwa Muscat, wakiwaandikia wazee wao kupitia ofisi ile. Wazee nao, kwa kuwa mmoja alikuja mjini siku hii na mwenzake siku nyingine, walizoea kuachiana salamu humo humo kwenye masanduku yao.

Ndipo Mzee Ahmada akashikwa na homa, asije mjini muda mrefu. Salamu za Bi Mwatumu zikakaa bila jibu. Watu wa pwani mnajua uzito wa jambo hilo. Salamu ikiachwa, tena baina ya wakwe, si usahaulifu tena, ni dharau. Bi Mwatumu alianza kusema huko Kigombe kwamba mkwewe amepata mali ya Muscat sasa hamwoni mtu. Maneno yakavuka, yakafika Pangani.

Mzee Ahmada alipopona alikuja ofisini na bakora yake, bado macho ni ya njano. Shangazi alikuwa ametoka kwenda benki. Mzee akakaa karibu na Mwanaima, akaitikia shikamoo yake, akaeleza shida yake kirefu, kisha akaielekeza bakora kwenye mashine kubwa.

"Mjukuu wangu, hili sanduku lote hili, haliwezi kunijibia salamu nikiwa nimelala?"

Mwanaima alijua kwamba laweza. Alikuwa amesimama nyuma ya Methusela siku alipomwekea mnunuzi mmoja wa mkonge jibu la kujiendesha, kwamba kila atakayemwandikia ajibiwe na mashine kuwa bwana huyo yuko safarini. Alikumbuka ukurasa ule ulivyo na mahali pa kubonyeza. Alisita. Akamtazama mzee, shingo imekonda, kola ya kanzu imebaki wazi pande zote.

Akaweka. Maneno walitunga pamoja: *Salamu zako zimenifikia, nami nakurudishia zako pamoja na wote wa nyumbani. Nijulishe hali yako.* Mzee Ahmada aliyasikiliza mara mbili, akasema hayo ni maneno ya mtu aliyelelewa.

Bi Mwatumu alipokuja akaacha salamu zake, jibu lilitokea hata hajainuka kitini. Alifurahi mpaka akacheka. Halafu akamkazia macho Mwanaima, kwani hakuwa mjinga, akauliza imekuwaje. Mwanaima akamweleza kwa sauti ndogo, huku akitazama mlangoni shangazi asitokee.

"Kumbe," akasema Bi Mwatumu. "Yeye anajibiwa na mashine, mimi nijibu baada ya wiki nionekane sina adabu? Niwekee na mimi. Mimi na bibi yako ni ukuta mmoja, utanikatalia?"

Mwanaima hakuweza kumkatalia jirani wa bibi yake. Akaweka jibu lile lile katika sanduku lake pia. Bi Mwatumu, kabla ya kuondoka, akataka kuacha salamu moja zaidi kwa mkwewe, ya kuagana. Mwanaima akaiandika, akaituma, akamsindikiza mlangoni.

Nyuma yao mashine kubwa ilianza kutoa sauti kama panya anayetafuna karatasi. Hakuna aliyeisikiliza.

Kesho yake sauti ile ilikuwa haijakoma. Shangazi alipounganisha simu alasiri, mashine iliandika kiooni kwamba haina nafasi tena, haipokei barua yoyote. Shangazi akaizima, akaiwasha, ikasema vile vile. Mama Benedikta alikuwa benchini, na Yudith amesimama kando yake na vitabu kwapani. Methusela aliitwa.

Alikuja na mkoba wake, jasho likimtoka, akakaa mbele ya mashine, akaipekua. Kisha akawaeleza. Alisema mashine ile ni kama karani mwoga, hafanyi jambo kabla hajaliandika pembeni. Barua ikiingia, anaandika. Ikitoka, anaandika. Ikifutwa, anaandika. Ndipo anapofanya. Maandishi hayo huitwa kumbukumbu, na faida yake ni kwamba umeme ukikatika ghafla, karani anayasoma akajua alifikia wapi. Mwisho wa wiki Methusela huchukua nakala ya kila kitu kwenye kanda ya akiba, na hapo mashine huzitupa yenyewe kumbukumbu za zamani.

"Sasa tazama," akasema, akionyesha kioo. "Tangu jana ameandika kuliko alivyoandika tangu Ramadhani. Kila nikitazama, zinaongezeka. Hatuna wateja wa kiasi hiki. Kuna kitu kinaizungusha."

Shangazi akauliza kama achukue nakala sasa hivi mashine ipate kujipunguza. Methusela akasema amejaribu, masanduku na kumbukumbu kwa pamoja vimeizidi kanda. Huenda ni kirusi, huenda ni mpangilio uliobadilishwa. Akageuka kitini.

"Kuna mtu amegusa mipangilio?"

Shangazi akasema yeye hajagusa. Wote wawili wakamtazama Mwanaima.

Alikuwa ameshika rundo la karatasi za kuchapishia. Maneno ya Methusela yalikuwa yakimzunguka kichwani: ikiingia anaandika, ikitoka anaandika. Aliona salamu ya Bi Mwatumu ikienda kwa Mzee Ahmada, na jibu likirudi kwa Bi Mwatumu, na jibu hilo nalo likijibiwa. Hakuwa na hakika. Lakini alikuwa na shaka, na shaka ile ingetosha kusemwa. Aliona pia basi la asubuhi la Kigombe.

"Mimi huandika barua tu," akasema.

Methusela akaurudia mwangaza wa kioo. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Walifanya alichoweza kufanya mtu asiyejua chanzo. Methusela alisema njia iliyobaki ni kuzifuta kumbukumbu kwa mkono ili nafasi ipatikane, lakini hapendi, kwa sababu zikifutwa kabla ya kuchukuliwa nakala, halafu umeme ukatike, karani hatajua alifikia wapi na masanduku yote yatagoma kufunguka. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa umezidi. Betri ya dharura iliyokuwa chini ya meza ilikuwa imekufa zamani, na mpya haikupatikana Tanga. Akashauri wangoje, aitafute sababu taratibu.

Shangazi akatazama benchini. Mama Benedikta alikuwa amefunga mikono mapajani, akiwatazama midomo tu, kwa kuwa mambo ya mashine hakuyafahamu. Alichofahamu ni kwamba barua hazishuki. Ile hospitali ilikuwa imesema upesi.

"Futa," shangazi akasema. "Zamu yetu ya kukatiwa ni kesho. Futa, barua zishuke, mama huyu ajue."

Methusela akafuta. Kioo kikatulia. Shangazi akapiga simu, mashine ikalia, na barua zilizokuwa zikingoja zikaanza kushuka moja moja, majina ya waliozituma yakijipanga. Wa Muscat. Wa Mombasa. Mnunuzi wa mkonge. Kisha likatokea jina refu la hospitali ile ya ng'ambo, na mbele yake jina la Mathew.

Mama Benedikta hakujua kusoma, lakini Yudith alijua. Alisogea mpaka nyuma ya kiti. Akamwambia mama yake kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema chai imeiva, "Mama, imekuja."

Shangazi aliweka mkono ili aifungue. Feni ikapunguza mwendo. Kioo kikawa cheusi. Redio ya fundi cherehani wa jirani ikanyamaza katikati ya neno, na barabara nzima watu wakasikika wakiguna.

Umeme ulirudi kesho yake jioni. Methusela alikuwa amekaa mlangoni akiungoja. Mashine iliwaka, ikatafuta, ikakataa kufungua sanduku hata moja. Alijaribu kila alichokijua, shati likamganda mgongoni. Mwisho akatoa kanda ya akiba ya wiki iliyopita, akasema atayarudisha masanduku kama yalivyokuwa siku ile ya kanda. Yote yaliyoingia baada ya hapo yamekwenda. Huko barua zinakotoka hawabaki na nakala, zikishapokelewa huku, kule zinafutwa.

Mama Benedikta akauliza kama ile waliyoiona nayo imekwenda. Methusela akasema ndiyo. Mama akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri, kama hakuna aliyewahi kusoma hata mstari mmoja. Hakuna aliyewahi.

Kanda ilichukua muda mrefu kurudisha. Sanduku la Mzee Ahmada lilirudi bila jibu la kujiendesha, kwa kuwa liliwekwa baada ya siku ya kanda, na la Bi Mwatumu hivyo hivyo. Mwanaima aliona kwamba kosa lake lilikuwa limefutika pamoja na mengine. Hakuna mahali palipobaki alama. Methusela alikuwa akimwambia shangazi kwamba hatajua kamwe ilikuwa nini, na kwa kuwa hajui, hana la kufanya likirudi. Huenda ikabidi kuanza upya na mashine nyingine. Shangazi hakuwa na uwezo wa mashine nyingine. Alikuwa amekaa, kanga imemshuka begani, na hakuipandisha.

Na Mwanaima alijua litarudi. Mzee Ahmada atakuja na bakora yake aulize kwa nini mashine haimjibii. Bi Mwatumu naye atakuja. Barua ya pili ya hospitali, kama ipo, itakuta tena hakuna nafasi.

"Shangazi," akasema, "ni mimi."

Alieleza yote, mzee na homa yake, Bi Mwatumu na ukuta mmoja wa bibi, ukurasa aliouona akiwa nyuma ya Methusela. Hakulia mpaka alipofika pale alipoulizwa akakataa. Mama Benedikta na Yudith walikuwa bado benchini, nao walisikia kila neno.

Methusela alivuta kiti. Aliwasha kompyuta ndogo ya kuandikia, akaweka majibu ya kujiendesha katika masanduku mawili ya majaribio, akatuma salamu moja kutoka hili kwenda lile. Wakatazama. Moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, na kila jibu lilibeba tumboni salamu zote zilizolitangulia, likawa refu kuliko lile lililopita. Mashine ikaanza kutafuna. Kumbukumbu zikapanda mbele ya macho yao. Akazima majibu yote mawili, na sauti ikakoma palepale.

"Ni hiyo," akasema. Aliuma mdomo. "Ungeniambia jana nilipouliza, nisingefuta kitu. Ningezima hivi, nikasafisha masanduku mawili, tukachukua nakala, tukanywa chai. Umeme hata ungekatika, ukirudi mashine ingefunguka yenyewe."

Yudith akamtazama Mwanaima kwa mara ya kwanza tangu maelezo yaanze. Kisha akachukua vitabu vyake akatoka.

Mama Benedikta alibaki. Alimkaribia Mwanaima, na Mwanaima akainua mkono usoni akidhani atapigwa. Yule mama aliushusha ule mkono taratibu.

"Ungesema, mwanangu," akasema. "Ungesema tu."

Usiku huo shangazi hakumchapa. Asubuhi hakumpeleka kwenye basi. Alimpeleka kwa Mzee Ahmada na kwa Bi Mwatumu, siku mbili mbalimbali, awaeleze kwa kinywa chake kwamba majibu ya mashine yameondolewa na kwa nini. Mzee Ahmada alichora mchanga kwa bakora. Alisema angejua kuna mtoto anayengoja, angekubali kuitwa mwenye dharau mpaka Muscat. Bi Mwatumu alilia. Tangu hapo wakwe wale walirudi kujibiana wenyewe, wakichelewa kama zamani, na kila mmoja akamwomba mwenzake radhi kwa kuchelewa.

Shangazi na daktari waliiandikia hospitali siku ile ile Mwanaima alipokiri, wakaeleza lililotokea. Jibu halikuja upesi. Lilipokuja, Mwanaima ndiye aliyelichapisha, na shangazi akamwambia alipeleke mwenyewe nyumbani kwa Mama Benedikta na alisome mwenyewe, kama anavyowasomea wateja wengine.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya gereji. Mathew alikuwa amelala kwenye mkeka, ameegemezwa mto kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Midomo yake ilikuwa imekoza. Baba yake alikuwepo siku hiyo, hakupata kibarua. Mwanaima akasimama katikati ya chumba, akasoma. Walisikitika. Siku chache walizoweza kungoja jibu zilikuwa zimekwisha barua ya maelezo ilipowafikia, na nafasi ilipewa mtoto wa kike wa nchi nyingine, ambaye alikwisha kupasuliwa. Mathew amewekwa wa kwanza katika kundi lijalo, baada ya mvua za masika. Mpaka hapo asikimbie, asipigwe na baridi, na dawa asikose.

Ernesti akauliza masika yataisha lini mwaka huu.  Mama Benedikta akapokea karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya mto wa mtoto. Akamshukuru Mwanaima kwa kuja. Yudith alikuwa ukutani akichambua mboga, na hakuinua kichwa.

Shuleni Yudith alihama dawati. Kila asubuhi Mwanaima alimsalimia wakikutana getini, na kila asubuhi Yudith alipita kama aliyepita karibu na nguzo. Watoto waliona, wakaanza kusema. Mmoja alimwita Mwanaima salamu ya bure, na wengine wakacheka.

Mvua zilianza. Methusela alileta kanda kubwa zaidi, na sasa nakala ilichukuliwa kila siku. Alimfundisha Mwanaima kutazama kumbukumbu, zikizidi kipimo fulani amwambie saa ile ile, hata kama hajui sababu, hata kama sababu ni yeye. Na kila alasiri simu ilipounganishwa, jicho lake lilitangulia kutafuta jina refu la hospitali. Mama Benedikta alikuja akakaa benchini, Mwanaima akatikisa kichwa. Siku nyingine mama alikuja na habari kwamba Mathew amekula vizuri. Siku nyingine alikuja akakaa tu.

Jioni moja, wakifunga madirisha mvua isiingie, Mwanaima alimwambia shangazi kuhusu zile salamu za getini. Alisema ameomba radhi mbele ya watu wote, amekwenda nyumbani kwao, na bado Yudith hamwitikii. Pengine aache kumsalimia.

Shangazi alimaliza kufunga dirisha kwanza. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye benchi la Mama Benedikta, akampa nafasi akae naye.

"Mwanaima, mimi pia nina langu," akasema. "Methusela aliniambia tungoje, mimi nikasema futa. Nalibeba, wala sikutupii wewe yote. Lakini sikiliza. Kuigusa mashine, ningekukasirikia siku mbili, ikaisha. Uliulizwa ukiwa unajua umegusa, watu wanakutegemea, ukajiokoa wewe. Hilo ndilo lililomfikia Mathew. Ukweli wako ulikuja, lakini ulikuja baada ya umeme kukatika. Mtu akikuuliza, useme hapo hapo, ukweli ungali unafaa. Ukichelewa unaweza kuusema wote ukabaki hauponyi kitu."

Mvua ilipiga mabati. Mwanaima akauliza kwa sauti ndogo, na Yudith je.

"Yudith si mashine," akasema shangazi, "ajibu kwa kuwa amesalimiwa. Ana mdogo wake mgonjwa nyumbani. Atajibu siku atakayoweza, na asipojibu, hiyo ni haki yake. Wewe msalimie kwa kuwa ndivyo inavyopasa. Usimngoje."

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa mbele ya geti la shule. Yudith alikuwa amesimama upande wa pili, viatu mkononi, akitafuta pa kukanyaga. Mwanaima alimsalimia kwa jina lake, akamwonyesha mahali penye mawe, akatangulia kuingia darasani bila kugeuka nyuma.